Kushika mwiko New Orleans: namna ya kuchagua darasa la mapishi ya Kikrioli na Kikajun ukiwa safarini

Mtu aliyekulia jikoni kwa bibi yake Tanga au Mombasa akiingia darasa la mapishi New Orleans, nusu ya mambo atakuta anayajua. Vitunguu vinakatwa vidogo vidogo na kukaangwa mpaka vilainike. Mchele unaivia ndani ya supu ya nyama. Kamba wanatiwa mwisho ili wasiwe wagumu kama raba, na bamia ndizo zinazoupa mchuzi uzito wake. Kigeni ni kimoja tu: unga wa ngano unaokaangwa kwenye mafuta hadi uwe na rangi ya chokoleti. Wenyewe huuandika kwa Kifaransa, roux, nasi tuuite ruu.

Kwa hiyo kama mfuko wako unaruhusu darasa moja tu, lipia lile ambalo ruu utaikoroga wewe. Mengine yote utayapata kwa kula na kuuliza.

Hatua ya 1: Jua unakwenda kujifunza chakula cha nani

Matangazo huyaweka majina mawili pamoja, Kikrioli na Kikajun, kana kwamba ni mapacha. Ni majirani tu.

Chakula cha Kikrioli ni cha mjini. Louisiana, jimbo lenye mji huu, ilitawaliwa na Ufaransa, ikapita mikononi mwa Hispania, ikarudi kwa Wafaransa, mwishowe ikauzwa kwa Marekani mwaka 1803. Katika majiko ya New Orleans, waliosimama motoni aghalabu walikuwa Waafrika, wengi wao watumwa, na upishi wa mabwana zao ukageuka mikononi mwao. Wenyeji Wachoctaw wakachangia unga wa majani ya msasafrasi, na baadaye Wasisilia wakaja na mambo yao. Humo utakuta siagi, krimu, nyanya na vyakula vya baharini.

Wakajun ni wazao wa Wafaransa wa Acadie, sehemu ambayo leo ni Nova Scotia na jirani zake huko Kanada. Waingereza walianza kuwafukuza mwaka 1755, na wengine wakafika Louisiana kuanzia miaka ya 1760. Walikaa mashambani na kwenye mabwawa ya magharibi ya New Orleans, wakapika chakula cha sufuria moja kwa walichokivua, walichokiwinda na nguruwe waliyemkausha kwa moshi.

Kipimo chepesi ni nyanya. Jambalaya, ambayo mtu wa pwani ataiona na kusema hii ni pilau iliyopotea njia, ikiwa nyekundu kwa nyanya ni ya Kikrioli. Ikiwa ya kahawia, rangi yake ikitokana na nyama na vitunguu vilivyokaangwa hadi kushika chini ya chungu, ni ya Kikajun. Hiyo ya pili ndiyo iliyo karibu zaidi na pilau yetu, maana nasi rangi tunaipata kwenye kitunguu. Usikazanie sana mpaka huo, hata hivyo. Paul Prudhomme, mpishi Mkajun mzaliwa wa upande wa Opelousas, alifungua mkahawa wake K-Paul's katikati ya New Orleans mwaka 1979, na tangu hapo vyakula hivi viwili hukaa meza moja.

Na gumbo, mchuzi mzito ulio mama wa vyote? Wengi waliochunguza neno hilo hulifuata hadi lugha za Kibantu za Angola, ambako bamia huitwa kingombo. Itazame hiyo ki- mwanzoni, ile ile ya kitunguu na kisamvu. Wasomaji wa Lubumbashi na Goma hawahitaji maelezo, kwani sokoni kwao Kifaransa cha bamia ni gombo hadi leo. Lijue hilo kabla hujaingia darasani, maana huenda mwalimu akakuuliza umetoka wapi, na hapo utakuwa na la kumwambia.

Hatua ya 2: Chagua majira

Ukitaka kupika wale kamba wa maji baridi, wekundu, wenye magando, nenda kati ya Machi na Mei wanapopatikana kwa wingi. Wakazi wa Naivasha wanawafahamu: ni aina ile ile ya Louisiana, iliyoingizwa katika ziwa lao mwaka 1970. Nje ya msimu, darasa litatumia nyama yao iliyogandishwa au litakupa kamba wa bahari. Hakuna ubaya, ila ulipe ukijua.

Mardi Gras, kanivali ya kabla ya Kwaresima, huangukia Februari au mwanzo wa Machi, na tamasha kubwa la jazi huwa mwisho wa Aprili na mwanzo wa Mei. Siku hizo vyumba hupanda bei na madarasa hujaa mapema. Msimu wa vimbunga ni Juni 1 hadi Novemba 30. Ukisafiri miezi hiyo, soma masharti ya kurudishiwa fedha kabla ya kulipa. Joto la Julai na Agosti ni la unyevunyevu kama la Dar mwezi Februari, na kusimama juu ya ruu dakika 40 katika hali hiyo ni adhabu.

Hatua ya 3: Tofautisha darasa la kutazama na la kutia mkono

Hapa ndipo wageni wengi huliwa, nami niliwahi kuwa mmoja wao. Darasa langu la kwanza nililipia usiku, kwa simu, nikiwa na usingizi. Nikaketi kwenye kiti saa mbili na zaidi nikimtazama mpishi mcheshi akipika nyuma ya kaunta, juu yake kioo kikubwa cha kutuonyesha ndani ya sufuria. Chakula kilikuwa kitamu, hadithi zilikuwa tamu zaidi. Nilitoka tumbo limejaa na mikono mikavu.

Darasa la kutazama ni la bei nafuu kwa mbali kuliko la vitendo, na kwa aliye na watoto au anayetaka chakula cha mchana chenye mazungumzo linafaa sana. Kosa ni kulinunua ukidhani ni lile jingine. Shule nyingine hutoa yote mawili. New Orleans School of Cooking, iliyopo St. Louis Street katika French Quarter, mtaa wa kale wa mji, ina ratiba ya kila aina, na ni rahisi kubofya pasipo. Kabla ya kulipa, waandikie barua pepe uwaulize:

– Ruu tunakoroga wenyewe, au tunaikuta tayari?
– Kila jiko lina watu wangapi? Wawili hadi wanne ni sawa. Wakizidi hapo utaambulia kukata vitunguu.
– Tunapika vyakula vingapi kwa muda gani?

Swali la mwisho ni mtego. Darasa linaloahidi gumbo, jambalaya, etufe (mchuzi mzito wa kamba unaoliwa kwa wali) na kitindamlo kwa saa mbili halina nafasi ya ruu halisi. Maduka ya huko huuza ruu iliyokwisha kukaangwa, ikiwa ndani ya chupa, na kina mama wa Lafayette huitumia bila haya siku za kazi. Wewe hukupanda ndege kwa ajili ya chupa.

Mwenye siku za ziada akodi gari aende Lafayette, kiasi cha kilomita 215 magharibi kwa barabara ya I-10, akapike huko kwa Wakajun wenyewe. Njiani utavuka daraja la kilomita 29 juu ya bonde la Atchafalaya na kupita Breaux Bridge, mji ambao bunge la jimbo liliutambua mwaka 1959 kuwa makao makuu ya wale kamba wa maji baridi.

Hatua ya 4: Viza

Hii ni fupi. Wizara ya Mambo ya Nje ya Marekani inaruhusu mwenye viza ya matembezi kuhudhuria kozi fupi ya kujifurahisha isiyohesabiwa kwenye shahada, na mfano inaoutoa ni darasa la mapishi la siku mbili wakati wa likizo. Huhitaji viza ya mwanafunzi. Ukiulizwa kwenye mahojiano, sema ukweli huo huo.

Hatua ya 5: Nguruwe, pombe na mzio

Msomaji Mwislamu asiruke hapa. Upishi huu umejaa nguruwe, tena mahali usipomtarajia. Soseji iitwayo andouille, ambayo huitamka anduwi, ni ya nguruwe. Tasso ni nguruwe aliyekaushwa kwa moshi. Maharage mekundu ambayo kwa macho hayana nyama huchemshwa na mfupa wa paja la nguruwe. Hata ruu yenyewe inaweza kukaangwa kwa mafuta yake. Kitindamlo nacho kina yake: Bananas Foster, ndizi zilizobuniwa mkahawani Brennan's mwaka 1951, humwagiwa ramu na kuwashwa moto mbele yako.

Waandikie wiki mbili kabla, wala usingoje kufika. Usiseme tu "sili nguruwe". Taja vitu: soseji, supu, mafuta ya ruu, mvinyo. Omba soseji ya kuku au bata mzinga na sufuria ya peke yako. Ikiwa unataka nyama ya halali kabisa, chagua menyu ya vyakula vya baharini, yaani gumbo ya kamba na kaa au etufe ya kamba kwa siagi. Hapo nguruwe na nyama nyingine hazihitajiki, na ladha haipungui hata chembe.

Mwenye mzio wa kamba au kaa aseme mapema zaidi. Maganda yao huchemshwa kutoa supu inayotiwa karibu kila kitu.

Hatua ya 6: Siku iliyotangulia

Kula kwanza. Ulimi usiojua gumbo iliyokomaa utajuaje kama yako imefika? Mkahawa wa Dooky Chase's, ulioanza mwaka 1941, ndiko alikopika Leah Chase hadi uzeeni. Alifariki mwaka 2019 akiwa na umri wa miaka 96, na mji mzima ulimwita malkia wa upishi wa Kikrioli. Siku ikiwa Jumatatu, agiza wali na maharage mekundu. Jumatatu ilikuwa siku ya kufua, na chungu cha maharage kilijipikia polepole huku mama akiwa na nguo zake. Louis Armstrong, mpiga tarumbeta wa jazi na mtoto wa mji huu, alizoea kumalizia barua zake kwa kuyataja maharage na wali pale ambapo wengine huandika "wako mtiifu". Nani kati yetu hamwelewi hapo?

Asubuhi pita ule beignet, ambazo huitwa benye, katika Café du Monde iliyofunguliwa 1862. Ni maandazi ya mraba, hayana iliki, yamezikwa kwenye sukari ya unga. Usivae nguo nyeusi. Ukiona mahali wanauza calas, usipite: ni vitafunio vya wali na hamira vinavyokaangwa kwenye mafuta, ndugu wa mbali wa kitumbua. Zamani wanawake weusi waliviuza mtaani kwa kuita, na wakati wa utawala wa Wahispania walikuwamo watumwa waliojinunulia uhuru kwa senti za biashara kama hiyo.

Kabla ya kulala, nakili vipimo. Kikombe cha Kimarekani ni mililita 240, si kikombe chako cha chai. Ratili yao ni gramu 454. Nyuzi 350 za Fahrenheit ni kama 177 za Selsiasi. Darasani hakuna atakayesimama kukubadilishia.

Vaa viatu vya kufunika vidole na nguo ya mikono isiyoning'inia. Mwenye hijabu au mtandio abane ncha zote. Sababu utaiona sasa hivi.

Hatua ya 7: Ruu

Fika mapema uchague jiko, na ukipangwa na wenzako, jitolee kukoroga. Watu wengi hupenda kukata mboga kwa sababu inapendeza kwenye picha. Waachie.

Kipimo cha kawaida ni mafuta na unga wa ngano sawa kwa sawa, kikombe kwa kikombe. Sufuria iwe nzito, chini pawe pana na nene; sufuria zetu nyepesi za alumini hazifai, huunguza sehemu moja na kuacha nyingine. Mafuta yakipata moto wa wastani, tia unga huku ukikoroga kwa mwiko bapa unaofika pembeni. Kuanzia hapo huachi. Waliowahi kusimama na wapika haluwa wa Zanzibar watauelewa mkono huu: si wa nguvu, ni wa kutochoka, na unafagia chini ya chungu kila mzunguko. Simu usiipokee, hata akipiga nani.

Rangi zinakuja kwa zamu. Kwanza mchanga wa ufukweni, na harufu bado ni ya unga mbichi. Dakika kama 15 hivi, karanga zilizosagwa, na harufu ni ya bisi. Kisha shaba ya senti kuukuu. Mwisho chokoleti, na jikoni kunanuka kama kahawa inayokaangwa. Kwa moto wa wastani safari nzima ni dakika 30 hadi 45. Etufe inasimama kwenye karanga. Gumbo ya kuku na soseji ya Kikajun inakwenda hadi chokoleti.

Kati ya shaba na chokoleti ndipo yanapotokea. Rangi iliyokwenda polepole nusu saa nzima inaanza kukimbia. Punguza moto hapo, usingoje kuambiwa. Ukiona vidoa vyeusi vinaelea, imeungua, na haiokoleki: uchungu wake utakaa kwenye sufuria nzima ya gumbo. Yangu iliungua hivyo nilipogeuka kumjibu jirani. Mwalimu alichungulia, akaimwaga yote bila kuniuliza, akanipa unga mwingine. Ile ya pili ndiyo iliyonifundisha. Na ikikurukia mkononi usiifute kwa vidole, kimbilia maji baridi, maana inaganda kwenye ngozi na moto wake. Wapishi wa huko huifananisha na napalmu, ule moto wa vitani unaong'ang'ania mwilini, na hawatanii.

Ikifika rangi unayoitaka, tia vitunguu mara moja. Wana mboga tatu wanazoziita Utatu Mtakatifu: kitunguu maji, pilipili hoho na selari, ile mboga ya mabua marefu ya kijani yenye nyuzi. Kitunguu saumu hufuata, nao humwita Papa. Vitunguu vinapozama, ruu inalia kwa kishindo na kupoa, na hapo rangi inasimama. Hiyo ndiyo breki yako. Kisha supu, upawa kwa upawa, ukiendelea kukoroga ili isifanye madonge.

Kuna jambo ambalo walimu wenye haraka hawalisemi. Ruu ikizidi kuwa nyeusi, uwezo wake wa kufanya mchuzi mzito unapungua, kwa kuwa moto mrefu umevunja wanga wa unga. Ya chokoleti inaleta ladha kuliko uzito. Ndiyo maana kuna bamia, au filé, ule unga wa msasafrasi wa Wachoctaw. Bamia zinachemka pamoja na mchuzi. Filé inatiwa sufuria ikiwa imeshaepuliwa, la sivyo mchuzi unavutika kama uzi. Desturi ya wengi ni kimoja au kingine. Muulize mwalimu yeye yuko upande gani, na darasa litachangamka.

Hatua ya 8: Usiondoke na karatasi tu

Utapewa karatasi ya vipimo. Andika pembeni yale yasiyomo: moto ulikuwa namba ngapi, ruu ilichukua dakika ngapi, mwalimu alionja mara ngapi na aliongeza nini. Piga picha ya ruu yako katika kila rangi, mwenzako akishika mwiko. Picha nne hizo zina faida kuliko kurasa kumi.

Bakshishi ya asilimia 15 hadi 20 kwa mwalimu ni kawaida ya nchi, isipokuwa kama imeshajumlishwa kwenye bei. Bei za madukani nazo huandikwa bila kodi, utaongezewa ukifika kwa keshia.

Hatua ya 9: Mizigo na jiko la nyumbani

Nunua filé na mchanganyiko wa viungo vya Kikrioli uliokauka. Soma kopo, mwingi wake ni chumvi, kwa hiyo ukiutumia punguza chumvi ya kwako. Chupa ya mchuzi wa pilipili inayozidi mililita 100 iende kwenye begi la kukabidhi. Soseji na nyama iache huko.

Kwetu kila kitu kinapatikana isipokuwa anduwi. Kuku wa kienyeji anakaa vizuri mahali pake ukimbanika kwanza juu ya makaa mpaka ashike moshi. Selari ipo kwenye masoko ya miji mikubwa. Ukikosa, mabua ya giligilani yanasaidia kidogo, ingawa harufu inabadilika. Vichwa na maganda ya kamba usitupe, chemsha nusu saa, chuja, hiyo ndiyo supu. Baada ya supu kuingia, gumbo ichemke kwa moto mdogo saa nzima au zaidi, ladha ya unga iishe. Kamba watie dakika tano za mwisho.

Ilale hadi kesho kama unaweza kuvumilia, ni tamu zaidi. Wali upike mweupe, usio na nazi. Mimi niliwahi kuupika wa nazi, nikaona mkono wangu wa dakika 40 umemezwa na nazi moja.